Kibuyu Alishona Wifi, Sifa Nikachukua Mimi

Admin, naomba jina langu lisionekane, wala la mtu yeyote wa nyumba hii. Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, mjane, naishi Kasulu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa sababu mjukuu anayeniandikiaga meseji ndiye ninayemkwepa. Mkikuta nimekosea herufi mnivumilie, makosa yangu makubwa yako huko mbele.

Niliolewa miaka ya sabini na mwalimu wa shule ya msingi, kijiji kimoja upande wa Makere. Mimi ni mtoto wa mjini, baba alikuwa na duka dogo, nimekua nakula kwenye sahani zenye maua. Kwa mume wangu nikamkuta dada yake. Nitamwita Skola, ingawa si jina lake. Alikuwa ameolewa Kitahana, kule Kibondo, akarudishwa kwao kwa kukosa mtoto. Hakuwa na kitu zaidi ya mikono yake. Kibuyu kikipasuka anakishona kwa uzi wa katani, anayeyusha nta ya nyuki anaziba, kinarudi kubeba maji. Shuka likichakaa katikati analipasua, zile kingo ambazo bado ni nzima anaziunganisha ziwe katikati, mnalilalia tena miaka. Sweta la kaka yake alilifumua akamfumia mtoto wangu wa kwanza, na baridi ya kwetu mnaijua. Badala ya kushukuru, mimi niliona nimeolewa kwenye nyumba ya viraka. Nilikuwa namsema kwa majirani kwamba wifi yangu hata kijiti cha kiberiti hatupi.

Ukaja wakati ambao duka la ushirika lilibaki rafu tupu. Sabuni ya kugawana vipande, sufuria mpya ndiyo usahau. Hapo tukatangaziwa kwamba Bibi Maendeleo, yule mama wa serikali aliyekuwa akifundisha wanawake mambo ya nyumba, atapita kila kaya kukagua. Nikaingiwa na wazimu wa kujionyesha. Asubuhi hiyo nilikusanya kila kitu alichotengeneza Skola nikakisukumia kwenye gunia, gunia nikalitia chini ya kitanda. Nikaazima vikombe kwa jirani. Skola mwenyewe nikamtuma shambani akapalilie maharage, maharage ambayo yalishapaliliwa. Akachukua jembe akaenda.

Sasa yule mama hakuwa wa kukaa sebuleni. Aliingia mpaka chumbani kuangalia kunguni, akainama, akalivuta lile gunia. Nilitamani ardhi ipasuke. Akatoa kibuyu, akakigeuzageuza, akaomba maji, akakijaza na kukiinua juu. Halikudondoka hata tone. Akatoa shuka, akatoa sweta. Nilikuwa nangoja anicheke, kumbe anameza mate kwa kupendezwa. Akaniuliza, "Mama, nani ana mikono hii?"

Jamani, sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ni mimi, mama. Naonaga haya kuvionyesha."

Akanikumbatia, akasema kumbe na unyenyekevu ninao. Alikuwa bado ananisifu Skola alipotokea mlangoni na jembe lake begani. Nikasema huyu ni wifi yangu. Mgeni akamgeukia akamwambia, "Wewe una bahati. Jifunze kwa wifi yako." Skola akaangalia kibuyu, akaniangalia mimi. Nilijua sasa naumbuka. Akasema, "Ndiyo mama, najifunza."

Mgeni alipoondoka nilingoja ugomvi. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama avirudishe vile vyombo mahali pake.

Kuanzia hapo nikaitwa Kasulu kufundisha akina mama wengine, halafu Kibondo, halafu nikapewa kazi kabisa. Niliweza kushona kiraka cha nguo, basi. Mengine yote Skola aliyatengeneza nyumbani, mimi nikayabeba kama mfano. Wanafunzi wakitaka kuona ninavyoshona kibuyu nasema leo nta haipo. Watoto wangu wamekua wanajivunia mama mwenye akili ya kutotupa kitu. Skola wamemjua kama shangazi mkimya wa jikoni. Mume wangu alijua, aliniambia mara moja nirekebishe, nikanuna, akaacha. Amekufa hivyo. Mtu hana mume, hana mtoto, nami nikamnyang'anya hata hicho kimoja ambacho angesifiwa nacho. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa miaka arobaini na ushee.

Mwezi jana mjukuu wangu akaja na simu, eti vijana wa siku hizi wanatupa sana, anataka kunirekodi nikishona kibuyu. Akaniwekea sindano mkononi, akaweka na nta. Nilikaa nimeshika sindano, sijui hata pa kutobolea. Skola yuko pale kwenye mkeka, ana zaidi ya miaka themanini. Akajisogeza taratibu, akanitoa sindano mkononi. Akamwambia mtoto, "Macho ya bibi yako yamechoka. Mimi nitashona, yeye aseme."

Na mimi nikasema, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilielekeza mikono ambayo sijawahi kuifundisha chochote. Mjukuu akairusha video, akaandika: Bibi na msaidizi wake. Imepokelewa vizuri, watu wananiombea maisha marefu.

Nikimwambia Skola nataka kusema ukweli, ananijibu tuyaache, tumeshazeeka. Sijui ananihurumia au amechoka nami. Nikisema, wajukuu wataniona nani? Nisiposema, huyu atazikwa akiitwa msaidizi. Juzi aliomba aonyeshwe hiyo video. Akaitazama mara tatu, simu ameisogeza karibu na uso. Kisha akanirudishia, akaniambia, "Wifi, unaongea vizuri."

Nishaurini, ndugu zangu. Nianzie kwa nani, kwa wajukuu au kwake, na nianze na neno gani?