Kitabu Kilichokamatwa kwa Kelele

Dedei, mshona nguo wa uani kwetu hapa Accra, alikuwa na sauti ya kumtoa kaa shimoni. Jioni akishafunika cherehani, sisi wanawake tulimletea kenkey, donge la mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga, naye akatusomea kitabu cha habari za Yebuna, binti mwenye mkono wa chuma, anayeendesha chombo kati ya nyota na kuzaba makofi majitu ya vichwa vitatu, kila kichwa na kofi lake. Mimi shule sikuiona, lakini Yebuna namjua kuliko wakwe zangu.

Dedei hakujua kusoma polepole. Mizinga ikilia kitabuni, ililia na uani. Jitu likinguruma, kuku wangu walitaga mayai ya kesho.

Ukaingia mwezi wa kimya kabla ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, ngoma hazipigwi, hata kutwanga ni kwa adabu. Tukamsihi apunguze sauti, akaahidi. Akafika pale Yebuna amefungwa minyororo, chombo kinatumbukia ndani ya jua, ahadi ikamtoka.

Mzee Okaija, mlinzi wa kimya mtaani, akaingia na vijana wake kukamata spika waliyodhani ndiyo inayolia. Walipekua hadi chini ya vitanda. Walipoikosa, wakachukua kitabu.

"Mzee wangu, hizo ni karatasi," Dedei akasema. "Hazina sauti."

"Basi ile mizinga imetoka wapi?"

"Kinywani mwangu."

"Kinywa siwezi kukibeba, mwanangu."

Dedei akamweleza kwamba kitabu ni cha nesi, mpangaji wetu, naye anahamia Tamale, mbali kaskazini, Jumamosi. Okaija akasema vizuri, Jumamosi mwenyewe aje akichukue. Tukampelekea chupa ya pombe ya jini. Aliipokea, akatushukuru sana, kitabu hakukitoa. Nesi naye tukamuuliza mwisho wa hadithi, kumbe kitabu alikuwa hajakifungua.

Ijumaa jioni Dedei alinishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba ya Okaija. Ndani binti wa mzee alikuwa anamsomea kitabu kile, kwa kunong'ona, maana nyumba ya mlinzi haiwezi kuvunja kimya. Tulisikia kurasa zikigeuzwa. Mtu akavuta pumzi.

"Yebuna ameweza?" Okaija akauliza.

Binti akajibu, chini chini.

Dedei aligandamiza sikio ukutani mpaka likatoka na chokaa. "Bibi, amesemaje?"

"Sijasikia, mwanangu."

Akafungua mdomo aite, aombe warudie. Vijana wa Okaija walikuwa wamekaa hatua tano tu. Akauziba kwa kiganja. Ndani, kitabu kikafungwa.