Gunia la Maharagi na Mwili Uliopoa

Ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumapili ya mavuno, nilipowarudisha wabebaji wawili waliokuja kunisaidia, na tangu dakika hiyo mpaka saa nne kasoro kumi nilijiaibisha mbele ya parokia nzima, mbele ya padri mgeni, mbele ya mke wangu na mbele ya mbuzi mmoja. Nakisimulia mwenyewe kwa sababu hapa Butembo kisa hiki kimeshazunguka midomoni mwa watu, na kila anayekisimulia anaongeza kilo.

Mimi ni fundi wa mizani. Wanunuzi wa kahawa, wauza samaki wa chumvi, wenye depo za unga, wote huniletea mizani zao zinapoanza kusema uongo. Nina miaka hamsini na mmoja. Miaka miwili iliyopita nilinunua sokoni kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kinachofundisha kunyanyua uzito, nikakisoma polepole na dictionnaire, yaani kamusi, pembeni, nikanakili kila kitu kwenye daftari, kisha nikajitengenezea chuma nyuma ya nyumba: bomba moja na mikebe ya maziwa iliyojazwa simenti, kila mkebe umepimwa. Sura niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kupasha mwili moto, maana inafanana na akili ya madereva wetu wa Fuso: hakuna anayewasha lori baridi na kulipandisha mlima papo hapo. Unatembea haraka mpaka jasho jembamba litoke, unazungusha mabega na nyonga, unachuchumaa na kuinuka mikono mitupu, kisha unanyanyua robo ya uzito, halafu nusu, halafu robo tatu, ndipo uzito wenyewe, na usikae kitako muda mrefu hapo katikati, maana mwili hupoa kama chai. (Hilo la mwisho nililipigia mistari miwili kwa biki nyekundu. Mlikumbuke.)

Sasa, Alhamisi kabla ya sikukuu tulikuwa na mkutano wa shirika, yaani familia za mtaa wetu zinazosali pamoja, na Kakule, katibu wetu, akasoma orodha mbili. Ya kwanza ni ya wanaume wa kubeba matoleo mpaka altare. Ya pili ni ya wazee, ambao hukaa kwenye benchi ya pembeni, hawabebi kitu, na huletewa chakula kabla ya wengine. Jina langu lilikuwa kwenye ya pili, baada ya Muzee Paluku, ambaye meno yamebaki matatu.

"Kakule, umekosea orodha," nikamwambia.

"Hapana, Papa Fundi. Ni heshima tunakupatia."

"Lile gunia la maharagi la shamba letu la Kalunguta nitalibeba mimi. Peke yangu, toka mlangoni mpaka altare."

"Papa, ile gunia iko na kilo sabini!"

"Sabini na mbili, nimelipima mimi. Nikilifikisha, utafuta jina langu hapo."

"Na ikikushinda?"

"Basi utaliacha palepale."

Watu walicheka, na maneno yakawa yametoka. Hata hivyo Jumapili asubuhi Kakule aliniletea wabebaji wawili kutoka sokoni, franka elfu tatu tu, akasema, hakuna atakayekucheka. Nikawaambia waende, hiyo elfu tatu inunue chumvi ya sikukuu. Hawakwenda. Walikaa benchi ya mwisho kusikiliza misa, kwa utulivu wa watu wanaojua kazi yao.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Misa inaanza saa mbili. Homilia inaanza saa mbili na dakika ishirini na tano, inachukua robo saa, Nasadiki na maombi dakika saba, kisha matoleo. Donc, kwa hiyo, nitoke homilia inapoanza, nipashe mwili moto nyuma ya kanisa, nirudi na jasho langu, ninyanyue. (Kwamba siku hiyo alikuwepo padri mgeni kutoka Beni, nilisikia likitangazwa kwa masikio yangu, lakini sikuipima hesabu upya. Fundi wa mizani!)

Nyuma ya kanisa nilitembea, nikazungusha mabega, nikachuchumaa mara kumi na tano. Kufika kwenye robo ya uzito nikakumbuka kwamba chuma changu kiko nyumbani. Lakini mbele yangu yalipangwa matoleo ya mashirika yote, na jicho langu ni jicho la kazi: mkungu wa ndizi, kilo kumi na nane, robo kamili. Nikaunyanyua mara nane, taratibu, nikaurudisha. Halafu nusu, yaani kilo thelathini na sita. Kilichokaribia hapo ni mbuzi dume wa shirika la jirani, amefungwa kwenye mti, amevalishwa utepe wa sikukuu. Nikamkumbatia chini ya tumbo, mgongo umenyooka, magoti yanafanya kazi, sawasawa na daftari linavyosema. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikasikia sauti.

"Ye! Papa Fundi! Uko unafanya nini na mbuzi yetu?"

Alikuwa Mama Kyakimwa, mlinzi wa mbuzi, ambaye alikuwa ametoka kidogo kunywa maji.

"Mama, niko ninapasha mwili moto."

"Unaona mimi ni mutoto? Weye njo fundi wa mizani! Uko unapima matoleo yetu na mikono, mupate kuongeza kwenu! Mwaka jana mulitushinda na kilo mbili, kumbe njo bile mulifanya!"

Wakaja mama wengine wawili, na kila nilipoeleza juu ya robo, nusu na robo tatu, nilizidi kuonekana mpimaji. Ilinibidi niombe msamaha kwa shirika lao lote, na kwa mbuzi pia, Mama Kyakimwa alisisitiza. Nikarudi kanisani saa mbili na dakika arobaini na moja, robo tatu sijaigusa, lakini mwili moto, na nikamkuta padri anasema, "Na sasa, wapendwa, tuingie katika jambo letu la kwanza."

Alihubiri juu ya mizigo ambayo binadamu anajitwika. Mambo yalikuwa matatu, na kila jambo lilikuwa na matawi. Saa tatu jasho langu lilikauka. Saa tatu na dakika kumi mgongo wangu ulikuwa baridi kama mizani ya chuma iliyolala nje (baridi ya asubuhi ya Butembo mnaijua). Nikaanza kujiokoa palepale nilipoketi: nikakaza mapaja, nikajiinua kidogo kutoka kwenye benchi na kushuka, nikajiinua na kushuka, nikazungusha bega moja baada ya jingine.

Kakule, aliyekaa kando yangu, akaniinamia. "Papa, choo iko nyuma ya sakristia."

"Sina shida ya choo."

"Basi niite bale babebaji? Beko pale nyuma."

Nikageuka. Mbebaji mmoja aliinua mkono kidogo, kama anayemsalimu mteja. Mfukoni mwa shati nilikuwa na ukurasa wa daftari niliouchana makusudi uwe karibu nami, na ukurasa ule ulikuwa wazi: ukipoa, anza upya, au acha. Ningesema neno moja, ningeaibika mbele ya mtu mmoja.

"Mimi niko tayari," nikamjibu.

Saa tatu na dakika thelathini na nne kwaya ilianza wimbo wa matoleo. Pale mlangoni nikachuchumaa, nikalikumbatia gunia, nikalipandisha begani, na chini kabisa ya mgongo kitu kikasema *ka*. Wenye mizani mnaijua sauti ya springi inapokatika: ni ndogo, hata jirani haisikii, lakini mshale haurudi tena kwenye sifuri. Wengine hucheza wakati wa kupeleka matoleo. Mimi nilikwenda kama Fuso iliyokosa breki, macho kwenye altare tu, nikafika, nikainama kulitua. Gunia likashuka salama. Mimi sikupanda.

Mke wangu, aliyenifuata na kikapu cha mayai, aliniona nimeinama, akafikiri ni utaratibu mpya ambao Kakule alisahau kumwambia, akainama. Shirika letu lote likainama. Shirika la jirani, lisikubali kushindwa, likainama zaidi. Wimbo ukaisha, kwaya ikauanza upya. Mimi nilikuwa natazama viatu vya padri (vyeusi, kamba ya kushoto imefunguka), na nikaona viatu vile vinasogea, kisha nikasikia maikrofoni juu ya kichwa changu.

"Wapendwa, mwangalieni baba huyu! Mnaona unyenyekevu? Hivi ndivyo mtu anavyotua mzigo wake!"

Makofi. Vigelegele. Na katikati ya vigelegele akafika yule mbuzi na utepe wake, akanusa shati langu, akavuta ule ukurasa kutoka mfukoni, akautafuna wote, joto na baridi. Mama Kyakimwa akainama mpaka sikioni mwangu.

"Papa Fundi, uko unaipima tena?"

"Mama," nikanong'ona, "mgongo umekatika. Siwezi kusimama."

Mama yule hakuumbwa kwa kunong'ona, na maikrofoni ilikuwa palepale. "Mon Père, hapana unyenyekevu! Muzee mugongo njo imekufa!"

Kanisa lilicheka mpaka kwaya ikakata wimbo katikati ya neno. Wabebaji walifika kabla hawajaitwa. Tangu wimbo uanze walikuwa wamebeba matoleo ya mashirika manne, miili yao ilikuwa moto, na (niliona, maana nilikuwa naangalia chini) walikunja magoti vizuri kabisa. Wakaninyanyua vilevile nilivyojikunja, kama kiti.

"Huyu iko na kilo ngapi?" mmoja akamuuliza mwenzake.

"Sabini na nane," nikajibu mwenyewe, kwa mazoea ya kazi.

"Anapita gunia. Lakini muzigo njo muzigo, papa. Elfu tatu."

Wakaniweka kwenye benchi ya pembeni. Muzee Paluku akasogea, akanipigapiga goti. "Karibu, mutoto. Huku tunakula wa kwanza."

Na kweli nilikula wa kwanza, na nyama ilikuwa laini, imechaguliwa kwa ajili ya watu wenye meno matatu. Kakule alipita na orodha zake mkononi, akanitazama, akarudisha biki mfukoni bila kuifungua. Nyumbani, akinipaka dawa, mke wangu alisema jambo moja tu: "Nimeinama mbele ya watu na mayai mkononi, kwa sababu ya mugongo yako."

Chuma bado kiko nyuma ya nyumba, na nimeanza tena, mikebe miwili tu. Nikishapasha mwili moto nanyanyua saa hiyohiyo. Nikipoa narudi kwenye mikono mitupu, hata mapadri wote wa Beni wakiningoja. Na kitu chenye uhai sitakinyanyua tena maisha yangu. Wabebaji, elfu tatu. Moto, yaani pikipiki, ya kunirudisha nyumbani, elfu nne, kwa kuwa nilivyojikunja nilijaza nafasi ya abiria wawili. Dawa ya kupaka, elfu sita na mia tano. Mama wa kukanda mgongo, mara tatu, elfu kumi na tano. Kwa kukataa kutoa elfu tatu, nilipoteza franka elfu ishirini na nane na mia tano.