Pindo la Kidimbwi

Watu walimwita Mzee Koki, na jina hilo lilimkaa kama kofia ya kushonewa. Alikuwa fundi bomba tangu ndevu hazijamwota mpaka zilipoingia mvi. Maisha yake yote alikuwa akigombana na maji: yakivuja anayaziba, yakigoma anayavuta, yakija kwa fujo anayatia adabu. Alipostaafu, mikono ikakosa pa kwenda. Akawa anazunguka nyumbani na spana, anafungua mabomba yasiyo na ugonjwa wowote na kuyafunga tena, mpaka siku moja mkewe akaenda kuchota maji jikoni na koki ikamjia mkononi nzima nzima.

"Baba, hii ilikuwa haina tatizo," mkewe alisema, ameishika ile koki kama mtu aliyeshika mkia wa panya. "Nenda nje huko ukatafute kitu kingine cha kuharibu."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa chake: mashine karibu na dirisha, meza ya kukatia, kioo kirefu, na vitambaa vimejaa mpaka juu ya kabati. Yeye hakustaafu, na wala hakuwa na mpango huo. Aliyasema yale kwa utani, lakini mzee aliyachukua jinsi yalivyo. Akaenda nyuma ya nyumba, akasimama kati ya kamba ya nguo na ukuta wa jirani, akapakodolea macho pale palipokuwa na tangi la zamani. Kisha akachukua jembe na sururu.

Alichimba kidimbwi kama fundi anavyochimba. Katikati alikwenda chini hadi usawa wa kiuno, na kandokando akaacha kidaraja kipana kama ngazi ili udongo usije ukaporomoka. Akasiriba kwa saruji, akaiacha ikauke vizuri, akaelekeza humo maji ya mvua kutoka kwenye paa. Mvua ilipokuja, kidimbwi kikajaa. Mzee Koki akasimama pembeni na kikombe cha chai, akifurahia kuona maji yaliyokubali kukaa mahali pamoja bila kulazimishwa na mtu.

Furaha hiyo haikudumu. Maji yaligeuka kijani, yakawa mazito kama uji, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vikawa vinacheza. Mbu walipopata mbawa, safari yao ya kwanza ilikuwa chumba cha mbele.

"Leo nimempima mteja kiuno huku anacheza ngoma peke yake," mkewe alilalamika. "Kajipiga makofi miguuni mpaka nimechanganya vipimo. Sikiliza, Baba. Ama utie kitu humo, ama ufukie."

Mzee Koki akaenda kwa Bibi Kitalu, mama aliyekuwa akiuza miche kwenye kona nyuma ya soko. Alikuwa mnene wa mwili na mpole wa maneno, mikono yake imejaa tope hadi viwikoni. Mimea ya maji aliiweka kwenye mabeseni na ndoo zilizokatwa. Mzee Koki alipoiona akapagawa. Akaanza kunyoosha kidole: hiki, na kile, na yale yenye vichwa kama mifagio.

"Kaka, ngoja kwanza," Bibi Kitalu alimkatiza. "Unapanda au unahama nyumba?"

"Nataka maji yasafike, mama. Na mke wangu anyamaze."

"La pili siliwezi. Hilo la kwanza, niambie. Kidimbwi chako kina kina gani?"

Hapo mzee akavimba kifua. Alijua kina, alijua upana, alijua hata maji yaliyokuwemo. Lakini alipoulizwa jua linakipiga kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Hakuwahi kulitazama.

"Basi nenda ukatazame," Bibi Kitalu alisema. "Yungiyungi, hilo ua la kuelea majini, ni la jua. Ukilipanda kivulini litakununia mpaka lioze. Nami sipendi mtu arudi hapa na lawama."

Siku iliyofuata Mzee Koki aligeuza ndoo, akaikalia karibu na kidimbwi, akalitazama jua. Mkewe alimchungulia dirishani asubuhi, akamchungulia tena mchana, bado yupo.

"Unafanya nini hapo?"

"Naangalia jua."

"Kwani lilikuwa limeibiwa?"

Alikaa hadi jioni. Aligundua kwamba jua lilikuwa halitoki pale tangu asubuhi hadi alasiri, na kwamba ukuta wa jirani ulitia kivuli upande mmoja tu. Akarudi kwa Bibi Kitalu na habari hizo, akijihisi kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake ya nyumbani.

Bibi Kitalu alimpa yungiyungi moja tu. Mzee akataka zaidi, akakataliwa. "Hili moja likikua litatandaza majani mpaka nusu ya maji. Hicho kivuli ndicho kinachoua ukoga wa kijani. Liweke juu ya matofali kwanza, majani yaone mwanga, kisha uwe unalishusha kidogo kidogo." Akamwongezea fungu la majani membamba kama nywele, yale yanayoishi ndani ya maji chini kwa chini, na samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Mafunjo marefu, yale yenye vichwa kama mifagio, alimnyima kabisa. "Hayo mizizi yake itakupasulia saruji, kisha uje uniite mchawi."

Mzee akafanya kama alivyoambiwa. Mbu wakapungua mara moja, maana samaki walikuja na njaa zao. Lakini yungiyungi lilikuwa halina haraka. Lilitoa jani dogo kama kisahani, likapumzika, likatoa lingine. Mkewe alikuja kuliangalia, mikono kiunoni.

"Ndilo hilo?"

"Subiri."

"Nasubiri. Ila macho yanaona maji na tofali."

Ndipo alipotokea Dereva, rafiki wa Mzee Koki tangu ujana, mtu asiyekuja nyumba ya watu mikono mitupu. Safari hii alikuja na ndoo ya mimea inayoelea, majani yake manene yanang'aa, na juu yake maua ya zambarau yenye kupendeza. Alikuwa ameyachota mtoni.

"Shemeji, haya hayataki hata udongo," alimwambia mke wa rafiki yake. "Unayatupia tu."

Mke akayapenda papo hapo. Mzee Koki aliwaza kwenda kumwuliza Bibi Kitalu kwanza, lakini ni siku nyingi alikuwa hajamwona mkewe akitabasamu upande ule wa nyumba. Akayatupia.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Maua yalichanua, na wateja wakawa wanapelekwa nyuma kuyaona. Kisha mimea ile ikazaana. Kila asubuhi ilikuwa imesogea, ikabanana, mpaka maji yakawa hayaonekani tena. Siku moja mzee akaisukuma pembeni kwa fimbo, akakuta samaki wamekusanyika kwenye upenyo ule, vinywa juu, wanatafuta pumzi. Chini yao majani ya yungiyungi yalikuwa yamebadilika rangi kama karatasi iliyolowa. Roho ilimwuma. Akaenda kwa Bibi Kitalu, akamweleza.

Mama yule akaacha kumwagilia. "Kaka, hilo ni gugumaji. Umemkaribisha mgeni anayekula chakula, anachukua kitanda, kisha anaita ndugu zake. Toa lote. Hata kipande usibakize. Na usilitupe mtaroni, lisije likarudi mtoni kwa mgongo wako. Lianike juani mpaka lifie mbali."

Mzee akarudi, akakunja suruali hadi mapajani, akaingia. Kazi ilikuwa nzito. Mizizi ilining'inia kama ndevu na kila rundo lilibeba maji ya ndoo nzima. Alikuwa ameanza kuhema aliposikia kishindo nyuma yake. Mkewe alikuwa amefunga khanga kiunoni, ameingia majini na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Utaharibu nguo," mzee alisema.

"Nguo nitashona nyingine. Shika huko."

Dereva aliitwa. Alifika uso chini, akapewa toroli bila kusemeshwa. Alipojaribu kuomba radhi mara ya tatu, mke wa rafiki yake alimrushia rundo moja likamkalia begani kama mtoto mchanga, na wote watatu wakaangua kicheko mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Walipomaliza, mke wa Mzee Koki alibaki amesimama majini, akatazama kuzunguka pande zote. Kingo zilikuwa saruji tupu, kijivu, na mistari ya mwiko ikionekana.

"Sasa nimeona kasoro," alisema. "Siyo katikati. Hiki kitu hakina pindo. Umekata kitambaa ukakiacha nyuzi nje."

Kesho yake alifunga cherehani, akaenda kwa Bibi Kitalu yeye mwenyewe, mumewe nyuma. Alichagua mimea ya ukingoni kama anavyochagua vitambaa: anaushika mkebe, anausogeza mbali, anakunja jicho moja. Mafunjo mafupi, yale yasiyopasua saruji, aliyataka yakae upande wa nyuma yakiwa ndani ya mikebe yao. Magimbi yenye majani mapana yakae upande wa kivuli. Mnanaa upandwe mbele, utambae ufiche saruji. Maua mekundu ya kana aliyashika muda mrefu, akayarudisha.

"Si mazuri?" mumewe akauliza.

"Mazuri. Lakini yungiyungi likichanua yataligombeza."

Bibi Kitalu alicheka kwa furaha. "Dada, ungetangulia kuja wewe!" Wakakaa chini, wakaanza kuongelea urefu na rangi na nani akae mbele ya nani, na Mzee Koki akabaki kuwa toroli. Hakuona ubaya. Kidaraja alichoacha alipochimba kilipokea mikebe yote, kila mmoja miguu majini na kichwa juani.

Mvua zilizofuata zikafanya sehemu yao. Maji yakatulia, yakawa ya kuonekana mpaka chini. Kerengende wakaja, wekundu na wa buluu, bila kualikwa. Mnanaa ukashuka ukaigusa saruji, kisha ukaifunika. Na asubuhi moja, mzee akiwa bado na mswaki mdomoni, aliona yungiyungi limesimamisha ua moja jeupe, limefunguka lote.

"Mama! Njoo!" aliita, povu likamtoka.

Mkewe alikuja, pini zikiwa zimebanwa midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, akaketi ukingoni. Mumewe akaketi kando yake. Chai ilipoa jikoni.

Siku hizi wateja hawapimwi mpaka wapelekwe nyuma kwanza. Juzi Mzee Koki alikuwa ameinama nyuma ya mafunjo, akikata majani yaliyozeeka, akamsikia mkewe akimweleza bibi harusi mmoja: "Hiki kidimbwi nilikipangilia zamani sana. Mume wangu alinisaidia tu kuchimba."

Mzee alibaki ameinama pale pale, mkasi mkononi, akitabasamu peke yake kwenye majani. Kisha akaendelea kukata.