Asilimia Tatu ya Nini

Kaka yangu alipofariki, mke wake alikataa kuuza vifaa vyake. Shemeji ni fundi wa elektroniki kama mimi, kwa hiyo karakana ya mtaa wa Pioneer ikabaki yetu wawili. Tulikuwa na oskiloskopu mbili, vyombo vinavyochora mwendo wa volteji kwenye skrini. Moja ilikuwa yangu, mpya. Nyingine ilikuwa ya marehemu. Nilikuwa nimemwambia shemeji kwamba ile ya zamani imechoka. Aliendelea kuitumia.

Msimu wa mvua, mama mmoja mfugaji wa Timboroa alituita. Tangi lake la kupoza maziwa lilijizima kila mota ilipowaka, na maziwa yalikuwa yakimharibikia. Tulishuku kwamba volteji ya bodi ya saketi inayoliendesha tangi inashuka ghafla na kupanda tena, haraka kuliko mita ya kawaida inavyoweza kuona. Tukaenda na vyombo vyote viwili, kila mtu akapima kwa chake. Changu kilionyesha volteji ikishuka kutoka volti tano hadi nne nukta tisa, hali ambayo bodi huvumilia. Chake kilionyesha nne nukta tano, na hapo bodi huzima.

Nilisema chombo cha marehemu hakiaminiki tena. Nikatoa vijitabu vya maelezo vya vyote viwili kwenye begi. Chake kingeweza kukosea kwa asilimia nne, changu kwa asilimia tatu.

Shemeji alivisoma kwa muda, amejifunga leso kichwani kwa sababu ya baridi.

“Asilimia tatu ya nini?” akaniuliza.

Nilidhani ni ya volteji inayosomwa. Maandishi madogo chini, katika vijitabu vyote viwili, yalisema ni ya kimo chote cha skrini. Nilikuwa nimeweka volti mbili kwa kila mraba, miraba minane kwenda juu, kwa hiyo chombo changu kiliruhusiwa kukosea karibu nusu volti. Yeye alikuwa ameweka volti moja. Kwa mpangilio ule, chake kingekosea kwa karibu theluthi moja tu ya volti, nafasi ndogo kuliko ya changu.

Nikapunguza na mimi hadi volti moja, tukawasha mota tena. Mstari wangu ukashuka hadi karibu kabisa na wake.

Tulibadilisha kapasita moja iliyovimba, kijipipa cha kutuliza umeme kwenye bodi, na tangi likakubali. Yule mama alitupa chai, akauliza kama tulikuwa tukigombana. Shemeji akamwambia hapana, tulikuwa tukisoma.

 Chombo cha marehemu shemeji anakitumia hadi leo.