Dawa ya Pumu Yenye Harufu ya Embe

Ugoro nilifundishwa na mama mkwe. Sikufundishwa na rafiki mbaya, kama mapasta wanavyopenda kusema. Alinifundisha mwanamke mzee aliyesali asubuhi, mchana na jioni, na alinipa chembe ya kwanza nikiwa nimetoka kujifungua, jino linaniuma kama limepigwa nyundo. Alinishika kidevu akasema, "Vuta kidogo, mama, usivute kama mwizi." Nikapiga chafya kumi na moja. Yeye ndiye aliyezihesabu. Maumivu sijui yalikwenda wapi. Tangu siku hiyo mkebe wangu ulikaa kifuani, umefungwa kwa leso, na sijawahi kusikia mtu akiniita mtumiaji wa tumbaku.

Hiyo ndiyo ajabu ya watu wetu. Msichana akionekana na sigara pale Spine Road, hata kama haijawashwa, mtaa mzima utajua kabla hajafika kwao, na jina atakalopewa sitaliandika. Mwanamume akivuta, ni mwanamume, ana mawazo. Bibi kizee akinusa, anapishwa kiti. Na yote ni jani moja, limetoka shamba moja. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na ng'ombe na mwenye miguu ya kuwafuata nilikuwa mimi, lakini hilo halihitaji masomo. Sikulijua kwa sababu sikutaka kulijua.

Mume wangu alikuwa fundi wa mabati Kariobangi, na yeye alivuta sigara. Enzi hizo lori la kampuni ya sigara lilikuwa likija uwanjani na sinema ya bure, wanaume wakagawiwa sigara kama watoto wanavyogawiwa peremende, na sisi wanawake tukapiga makofi. Siku hizi paketi ina picha ya mapafu mabovu, na sheria inasema sigara isiuzwe moja moja, wala mtoto asiuziwe kabisa. Mwenye duka chini ya ploti yetu ya nyumba za kupanga ameibandika sheria hiyo ukutani. Kando yake amening'iniza kiberiti cha gesi kwa uzi, ili anayenunua moja awashe papo hapo. Mume wangu alikohoa miaka mitatu. Daktari alisema ni mapafu, mimi nikasema ni baridi ya alfajiri. Koti lake ninalo hadi leo, na siku nikimkumbuka sana huwa naingiza pua kwenye kola. Lakini nimeacha njia. Nilitaka kusema habari za mjukuu wangu.

Mjukuu wangu ni msichana wa kidato cha tatu, shule ya kutwa. Mama yake anafanya kazi za nyumba Uarabuni, kwa hiyo tumebaki wawili, ghorofa ya tatu, Kayole. Alipokuwa mdogo alikuwa na pumu. Jiko la makaa nililihamishia kwenye ngazi hadi majirani wakanuna. Alipofika darasa la sita pumu ikamwacha yeye, ila mimi haikuniacha. Kila Julai baridi ikishuka, nalala sikio moja limekesha, nasikiliza kifua chake.

Basi asubuhi moja ya Julai, Jumatatu, ameshaondoka, natandika kitanda chake. Chini ya mto nikakuta kitu kidogo cha rangi ya waridi, laini kama kokoto ya mtoni, kina kimdomo upande mmoja. Nikasema: pumu imerudi, na mtoto amenificha nisihangaike. Na leo ameisahau inhela yake ya kuvutia dawa, na nje kuna ukungu wa kukata kwa kisu.

Sasa, inhela ni lazima uipime kwanza ujue kama haijaisha. Nikaiweka mdomoni nikavuta. Kitaa kikawaka, ukatoka mvuke mzito wenye harufu ya embe lililoiva. Nikakaa kitandani kidogo, kichwa kimekuwa chepesi. Nikasema, kweli dawa za siku hizi zimeendelea. Nikavuta tena, ili kuhakikisha.

Nikapanda boda boda hadi shuleni, mimi ambaye pikipiki naiogopa kuliko nyoka. Nikapelekwa kwa naibu wa mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani.

"Karibu, shosho. Kuna shida?"

"Mjukuu wangu amesahau dawa yake ya pumu. Mpeni haraka, na baridi hii."

Akaipokea, akaigeuza, akainusa. "Shosho, umeitoa wapi?"

"Chini ya mto wake."

"Na una hakika ni dawa?"

"Nimeijaribu mwenyewe, mwalimu. Ni nzuri sana, inapanda hadi utosini."

Karani aliyekuwa mlangoni akatoka nje mabega yakimtetemeka. Naibu hakucheka. Alinivutia kiti, akaniambia taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba ile ni sigara ya umeme, ambayo watoto huiita vape, na ndani yake kuna ile sumu ya tumbaku inayomfunga mtu asiweze kuacha.

"Tumbaku yenye embe?"

"Embe, stroberi, hata bablish ya kutafuna. Ndivyo wanavyowanasa."

Akaitwa mjukuu. Aliingia, akaona kile kitu mezani, akaniona mimi na leso yangu na viatu vyangu vya kanisani. Hakupaza sauti.

"Shosh. Umenichoma." Ndivyo watoto wa siku hizi wanavyosema ukifichua siri ya mtu.

Alitumwa nyumbani siku hiyo hiyo, asubiri kamati ya nidhamu Alhamisi. Na naibu hakunificha: muhula uliopita wasichana wawili walifukuzwa kabisa kwa kosa hilo. Mwaka ujao ndio mtihani wa mwisho. Mtoto aliyefukuzwa kidato cha tatu kwa tumbaku, ni shule gani itamfungulia lango? Ningempigia mama yake simu kule aliko nimwambie nini? Kwamba nimemtia mtoto wake mashakani kwa mikono yangu miwili, na nikapanda pikipiki ili niwahi?

Siku mbili hakunisemesha. Nikimwambia chakula kiko tayari, "Sawa." Nikimwambia aoge maji yasipoe, "Sawa." Jumatano nikawa nimekaa kwenye kigoda nachambua maharagwe ya kuchemsha na mahindi tupate githeri, nikafungua leso, nikachukua chembe yangu. Nikamsikia akicheka, cheko baya.

"Shosh, wewe hata hujioni."

"Kujiona vipi?"

"Umenusa mara nne tangu tuamke. Na mimi ndio nimefukuzwa."

"Huu ni ugoro. Ni wa wazee."

"Ni tumbaku. Wewe unaibeba kwa leso, mimi naibeba kwa soksi. Hiyo tu."

Nikataka kumfokea, chafya ikanikamata. Nikapiga tatu mfululizo, na mtu hawezi kugomba huku anapiga chafya. Nilipomaliza, hasira ilikuwa imetoka nayo. Nikamuuliza nani alimfunza.

"Hakuna mtu alinifunza. Kidato cha pili wasichana walikuwa nayo chooni, ikawa tu ya kucheka. Baadaye nikiwa na mtihani, ama mum akikosa kupiga simu, nikivuta natulia."

Pasta aliwahi kuniuliza kwa nini siachi ugoro, na nilimjibu vivyo hivyo, kwamba unanituliza. Naye pasta alinielewa, akaomba chai.

Alhamisi tukaenda. Naibu alikuwepo, na mwakilishi wa wazazi, mwanamume mnene mwenye uso wa kazi, paketi ya sigara imejichora ndani ya mfuko wa shati lake. Huyo ndiye aliyeuliza maswali makali. Ulianza lini, ulinunua wapi, hukumwogopa Mungu? Mjukuu wangu akajibu yote macho chini, ila hilo la mwisho. Mwishowe wakasema hatafukuzwa, kwa kuwa ni mara ya kwanza na amesema ukweli. Ataonana na mwalimu wa ushauri kila wiki. Nikawa nakaribia kupiga magoti. Ndipo naibu akasukuma karatasi mbele yangu. Mimi husoma polepole, kwa kidole. Iliandikwa kwamba mimi, mlezi, nathibitisha kuwa katika nyumba anamoishi mwanafunzi hamtumiwi tumbaku ya aina yoyote.

"Weka sahihi hapo chini, shosho, arudi darasani."

Nikashika kalamu. Nikamtazama mjukuu. Alikuwa ananitazama mkono, si uso, kama mtu anayemtazama mcheza kamari akitupa kete. Nikaweka kalamu chini, nikaingiza mkono kifuani, nikatoa mkebe nikauweka juu ya karatasi.

"Siwezi. Nimenusa hii tangu kabla mama yake hajatambaa."

Yule mwanamume akacheka. "Aah, shosho! Ugoro si kitu. Hata mama yangu ananusa. Weka sahihi twende."

"Ni kitu, mzee," naibu akasema. Jamaa akafunika mfuko wake kwa mkono, sidhani alijua amefanya hivyo.

"Mwalimu," nikasema, "nipe siku saba. Nikimaliza siku saba sijanusa, nitakuja kuweka sahihi, na itakuwa kweli."

"Lakini shosho, mtoto atakaa nyumbani siku hizo zote. Ninaweza kukuruhusu…"

"Usiniruhusu."

Tulipofika sokoni mjukuu akasema, "Shosh, wewe ni mgumu manze. Ungeandika tu." Lakini alikuwa amenishika mkono, na hakuwa amenishika mkono barabarani tangu avae sidiria.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu kuacha. Watu wanaosema ni uamuzi tu, hawajawahi kuacha kitu. Siku ya kwanza nilijivuna. Siku ya pili nilimgombeza jirani kwa sababu ndoo yake ilikuwa ya buluu. Siku ya tatu kichwa kiligonga kama karakana ya marehemu, nikalala nimejifunika, nalia, mwanamke mwenye wajukuu. Mtoto akaja na kikombe.

"Kunywa maji, shosh. Siku ya tatu ndiyo mbaya. Ya nne inapoa."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi niko siku ya saba."

Nilikuwa nimesahau. Wiki nzima alikuwa akipitia hayo hayo peke yake, upande wa pili wa pazia linalogawa chumba chetu, nami nikidhani ananinunia. Kumbe nusu ya ile "sawa" ilikuwa kichwa kinamuuma. Akanipa karafuu nitafune, akaniambia nikisikia hamu nihesabu mabati ya paa la ng'ambo. Tukayahesabu pamoja dirishani. Yangu yalitoka mengi kuliko yake, akasema nahesabu hadi yale ya Njiru, mtaa wa mbali.

Siku ya tano, Jumanne, nikatembelewa na rafiki yangu muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mjukuu alikuwa amekwenda kununua sukuma. Rafiki yangu akafungua mkebe wake, akaninyooshea tu kama kawaida, tunavyofanya miaka yote, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Nilikuwa nimeshavuta ndipo nikakumbuka. Utamu wake sitaukana. Nilipiga chafya hadi machozi yakatoka, na machozi mengine yakafuata ambayo hayakuwa ya chafya.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Ijumaa tungekwenda, ningeandika, mtoto angeingia darasani. Aliporudi na mboga zake nikamwambia kabla hajaziweka chini.

"Shosh!" Akakaa sakafuni. "Ijumaa nilikuwa narudi shule! Wenzangu wameshafika mbali na hesabu. Shosh, Ijumaa!"

"Najua."

"Si ungenyamaza!"

"Ningenyamaza, ungejuaje kwamba naweza kukwambia ukweli?"

Akalia, nami nikamwacha alie, kwa sababu alikuwa na haki. Halafu akafuta pua kwa mkono wa sweta, akasema akitazama sukuma, "Na mimi jana nilienda hadi kwa duka nilikuwa nanunua vape. Nikasimama hapo nje. Nikarudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichoma tena."

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, yeye akajaribu kujizuia akashindwa, tukacheka hadi jirani wa ndoo ya buluu akagonga ukuta. Alipopata pumzi akainuka, akachukua makaa yaliyozimika, akachora mstari wa kuanzia ukutani kando ya mlango. "Anza tena, shosh. Kesho ni moja." Rafiki yangu wa omena alipewa masharti yake mlangoni na mtoto wa kidato cha tatu: aingie yeye, mkebe ubaki nje. Alitii.

Tulirudi shuleni Jumatano ya wiki iliyofuata. Naibu akasema, "Niliwangoja Ijumaa." Nikaanza kueleza habari za rafiki yangu na vidole vyangu, mjukuu akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini mimi nikianza jambo huwa siliachi nusu, nikamweleza yote. Naibu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akamgeukia mjukuu.

"Na sasa ni siku saba kweli?"

"Saba, madam. Nimemchunga mwenyewe. Ni msumbufu."

"Na wewe?"

"Kumi na sita."

Kengele ikalia. Naibu akamwambia aende, somo la hesabu linaanza, na mjukuu wangu akakimbia bila hata kuniaga, sketi inapepea, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nami nikaivuta ile karatasi, nikashika kalamu, nikaandika jina langu herufi kwa herufi, polepole.