Jiwe Nililorudi Nalo Kutoka Kaboya

Jiwe lilikuwa marumaru nyeusi, refu kama mlango, nimelichongesha Mwanza. Jina la kaka yangu lilikaa juu kwa herufi za rangi ya dhahabu. Mimi nimeishia darasa la tatu na mali yangu nimeitoa chini ya ardhi kwa mikono hii, kwa hiyo niliposema kaka atalala chini ya jiwe ambalo hata wakubwa hawana, sikuwa natania. Alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, hakurudi. Mama alikufa akiniachia neno moja: mtafute mwenzako, umsitiri vizuri. Nimechelewa miaka mingi. Nilikuwa natafuta mali kwanza, ndivyo ilivyo.

Mtu wa kijijini kwetu aliliona jina lake kwenye makaburi ya mashujaa kule Kaboya. Nikaenda na dada yetu mkubwa, aliyefua mashuka ya hospitali Kolandoto mpaka akastaafu. Toka Kahama mpaka tunaipita Geita, anageuka kulitazama lile jiwe nyuma ya pikapu.

"Hilo litamwamsha," akasema.

"Dada, mtu anazikwa kwa hadhi yake."

"Yake au yako?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Nilitegemea kukuta makaburi kama ya kwetu, hili lina vigae, lile limebonyea, mbuzi anakula juu yake. Tuliposhuka, sikukuta hayo. Mistari. Ukisimama mwanzo wa mstari, kaburi la kwanza linayaficha yote ya nyuma yake. Ukisogea hatua moja pembeni yanafunguka, meupe, kimo kimoja, mpaka jicho linachoka. Nimesimamia watu wa kupanga matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo la dhahabu, najua shida ya kunyoosha kitu. Mkono kama ule sijauona. Nikavua kofia. Kofia hiyo huwa siivui hata mbele ya mkuu wa wilaya.

Askari anayepatunza akaja. "Shikamooni, wazee wangu." Akauliza jina, akalirudia mdomoni mara moja, akatangulia. Hakupotea hata kidogo. Dada akasoma kwa sauti: jina kamili, kama mama alivyompa. Kisha akapiga magoti, akalipangusa kwa ncha ya khanga, taratibu, kama anampangusa mtoto kamasi.

Nikampeleka askari kwenye pikapu. Alilishika jiwe, akalizunguka.

"Zuri sana, mzee. Lakini hapa halishuki."

"Nitajenga mwenyewe. Sitawaomba hata maji."

"Si hivyo. Aliyelala kushoto kwa kaka yako alikuwa ofisa. Wa kulia, dereva. Umeona tofauti?"

Sikuona.

"Sasa ukimwekea huyu, yule dereva nani atamwekea?"

Sijazoea kukataliwa na mtu wa umri wa mwanangu. Nilifungua mdomo nibishe, likatoka swali lingine. "Nani aliwaleta hapa?"

"Wenzao. Waliwabeba kutoka huko mbele, kila mtu na jina lake."

Nikakaa chini kwenye majani. Dada alidhani nalia kwa ajili ya kaka. Nilikuwa nawaza duara langu la kwanza, shimo nililolimiliki huko Geita. Liliporomoka masika, watu wawili hawakutoka. Tulichimba siku nne, maji yakatushinda, tukafukia mdomo wa shimo tukahamia jingine. Machimboni mtu anaitwa jina la kambini. Mmoja tulimwita kwa kabila lake, Msumbwa. Mwingine tulimwita Mrefu. Zaidi ya hapo sikuuliza. Watu hawa hapa walipigwa risasi nchi ya watu, na bado kuna aliyewakumbuka majina yao mpaka nyumbani. Wachimbaji wangu walikuwa kumi na mmoja tu, na nilikuwa nakula nao sufuria moja.

Tulipoondoka dada akauliza, "Na hili jiwe? Utaliweka sebuleni?"

"Lina upande wa pili," nikamwambia.

Kutafuta jina si kazi ya mchezo. Nilifika Ushirombo nikamuulizia Msumbwa aliyekwenda Geita hakurudi. Wazee wakacheka. "Ng'wanawane, mwanangu, hapa sote Wasumbwa." Ila mama mmoja hakucheka. Akanipeleka kwa dada yake, aliyekuwa bado akimngoja mume. Nilimweleza kila kitu, uso kwa uso. Akalitaja jina, akanisahihisha nilipolitamka vibaya.

Sasa jiwe limelala juu ya lile shimo. Jina la kaka limetazama chini, walipo wao. Juu lipo la yule Msumbwa, na chini yake fundi ameacha nafasi ya upana wa kiganja.

Huyo wa pili alikuwa mrefu wa kuinama kila mlango. Alikosa kidole cha mwisho mkono wa kushoto. Akipata michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, haombi mboga, na akiwa ndani ya shimo alipiga mluzi ili tujue yupo. Kama ni wa kwenu, nileteeni jina lake. Fundi nitamwita siku hiyo hiyo.