Chaguo la Kwanza la Wanaume wa Kwetu

Katika ukoo wetu, mtoto akifika darasa la sita, wanaume huitana. Hawaitani kumsaidia hesabu. Huitana kumchagulia shule ya sekondari, na kazi hiyo haiwezekani bila bia na brosheti, mishikaki ya mbuzi. Wanawake huchoma nyama, mtoto husambaza glasi, na hatima yake hujadiliwa juu ya kichwa chake kana kwamba ni shamba linalouzwa.

Zamu yangu ilifika tukiwa tumesharudi Rwanda. Nasema "tumerudi" kwa sababu ndivyo watu walivyosema. Papa alizaliwa Bukavu, Congo, na mimi nilizaliwa Bukavu. Katika nyumba nzima, aliyerudi kwa haki yake ni Mzee, babu yangu, baba wa Papa, aliyekimbia nchi akiwa kijana. Sisi wengine tulikuja tu. Tulikaa Mururu, kilimani, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi unaiona Bukavu ng'ambo ya mto, nyumba ulikozaliwa iko kule na huwezi kwenda kuchuma hata mchicha. Papa alipata kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Kamembe, ambako ndege zilitua na kupaa na mizigo ambayo mtu mwenye akili hakuuliza ni ya nani. Mama alivuka daraja la Rusizi na unga, akarudi na vitenge, siku ambazo vita vya Congo havikufunga mpaka.

Shule za serikali zilikuwa chache, na mlango wake ulikuwa mmoja: konkuru, mtihani wa taifa wa mwisho wa msingi. Kwanza unajaza fomu ya shule tatu unazozitaka. Kisha unafanya mtihani, halafu watu usiowajua huko Kigali wanaamua. Shule ya binafsi kwetu ilikuwa ndoto. Kwa hiyo nikikosa nafasi, ningekwenda darajani kubeba unga na Mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliuchukia unga ule kwa moyo wangu wote. Uliniingia masikioni, kwenye nywele, hata kwenye uji wa watu wengine niliuona.

Basi nikasoma. Darasa letu lilikuwa limeokotwa kila upande: wenyeji ambao hawakuwahi kuondoka, waliotoka Burundi, na sisi wa Congo, walioitwa Bazairwa. Waliotoka Burundi walijua Kifaransa na walijua kwamba wanakijua. Wenyeji walijua Kinyarwanda. Sisi tulijua kuimba, kuvaa, na kujibu kabla ya kuulizwa. Insha zangu za Kinyarwanda mwalimu alizisomea darasa zima kama vichekesho, na watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Siku moja mizinga ilisikika ng'ambo, vioo vikatetemeka, tukaanza kuingia chini ya madawati. Mwalimu hakugeuka hata kidogo kutoka ubaoni. "Hiyo haitatoka kwenye mtihani," alisema. Tukarudi kukaa.

Nyumbani Mama alinilisha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, asubuhi na jioni, kwa sababu mtu alimwambia vichwa vyao vinaongeza akili. Kama ni kweli, watu wa Rusizi tungekuwa tumeshavumbua ndege yetu wenyewe. Lakini nilikula. Nilisoma na nikala vichwa vya samaki, na polepole insha zangu zikaacha kuchekesha. Mwalimu alipoanza kuzirudisha bila kuzisoma kwa sauti, nilijua nimekaribia.

Ndipo wanaume wakaitana. Alikuja baba mdogo, akaja mjomba wa Mama, akaja jirani mmoja ambaye hakuwa ndugu ila alikuwa na pua nzuri ya kunusa nyama. Papa alifungua kikao kana kwamba ni bunge. Mzee akakohoa, na wote wakanyamaza.

"Masomo ni moja tu mu Rwanda," alisema, na masomo kwa Kiswahili cha Bukavu ni shule. "Ile ya bapadri, kule kusini. Batoto ba machefu banasomaka kule. Kuko nyumba ya matofali, kuko kengele kubwa inasikikaka mpaka ku kilima ingine."

Shule ile niliijua tangu nikiwa mgongoni. Huko Bukavu, watoto wengine walitishiwa zimwi, sisi tulitishiwa shule ya Mzee: "Weye na hii akili yako, kule kusini bangekupokea?" Papa alikuwa na desturi ya kuitaja mbele ya wageni, akisema kwa upole wa uongo, "Baba yangu njo alisomaka kule." Hakuna aliyewahi kuiona. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuipinga.

Mama alikuwa mlangoni na sahani. "Mzee," alisema, "mabinti nabo banasomaka kule?"

"Maman, masomo ni masomo," Papa akajibu. "Lete pilipili."

Kuuliza si ujinga, wanasema. Siku ile kwetu kuuliza kulikuwa utovu wa adabu. Nami nilitaka kusema kwamba kando ya ziwa kuna shule ya masista, ya wasichana, na kwamba mwalimu alishaniambia naiweza. Nilifungua mdomo, nikapewa glasi tupu ya kuosha. Chaguo la pili lilitoka kwa baba mdogo, la tatu kwa mjomba, yote kutoka kwa hadithi za wazee wao waliokufa Congo. Jirani aliunga mkono kila kitu na akachukua brosheti nyingine.

Kesho yake nilipeleka fomu kwa direkta wa shule yetu, mtu wa kutoka Bujumbura, mkavu, mwenye kalamu mfukoni kila wakati. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akamwita Papa.

"Ya kwanza ni ya wavulana," alisema. "Ya pili siku hizi ni kambi ya jeshi. Ya tatu sina hakika. Nadhani iliungua."

Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Papa alikuwa na elimu yake mwenyewe juu ya watu wa Burundi. Aliamini kwamba waliofika nchini mapema walishagawana nafasi nzuri, na sisi wa Congo tunabakishiwa makombo. Kwa hiyo kadiri direkta alivyozidi kueleza, ndivyo Papa alivyozidi kuwa na uhakika kwamba shule ile ni nzuri mno, ndiyo maana anafichwa. Direkta alimpa hata kalamu yake abadilishe. Papa aliitazama kama mtu anayepewa sumu.

"Mtoto ni wako," direkta akasema mwishowe, akatia muhuri.

Njiani nilimwambia Papa kwamba labda direkta anasema kweli. "Munaona?" akaniambia, ingawa nilikuwa peke yangu. "Bameshakuingiza uoga. Njo vile banafanyaka." Fahali wawili walikuwa wamepigana, na nyasi nilikuwa mimi, tena nyasi iliyoambiwa ishukuru.

Mtihani niliufanya vizuri. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu nililipia kwa vichwa vya samaki. Na majibu yalipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya komini, serikali yetu ya mahali, jina langu lilikuwepo, na mbele yake ilikuwepo shule ya Mzee. Majina yetu ya Kinyarwanda mara nyingi hayasemi kama mtu ni wa kike au wa kiume, na la ubatizo Papa alikuwa ameliandika kwa herufi moja tu ili lipendeze. Yule wa Kigali alitazama alama, akatazama shule, akaendelea na jina linalofuata. Nani angefikiri kwamba kuna nyumba inayompeleka binti yake huko?

Papa alirusha kofia hewani. Alihakikisha tunarudi kwa njia ya mbali, ipitayo mbele ya nyumba ya direkta, akiimba. Mimi nilitembea nyuma nikiwa na furaha na hofu, na hofu ilikuwa imetangulia.

Tulisafiri watatu, Papa, Mzee na mimi, pamoja na godoro, ndoo na jembe, maana shule ziliwataka wanafunzi waje na jembe. Tulivuka msitu kwa basi, tukateremshwa na askari, tukapekuliwa, tukapandishwa. Mzee alivaa koti la sufu katika joto lote lile. Tulipoanza kupanda kilima cha shule kwa miguu alitutangulia, na kweli alijua njia. Alijua penye kisima, alijua pa kukatia kona. Papa alinitazama kwa ushindi. Tulipofika getini Mzee akasimama, akatupisha.

Padri mkuu alitoka mwenyewe, mtu mpole, akapokea karatasi yetu, akatupongeza. Kisha akatazama nyuma yangu.

"Na mtoto yuko wapi?"

Papa akaniweka mkono begani. Padri alinitazama mimi, akatazama karatasi, akatazama godoro, kana kwamba mmoja wetu watatu ataomba radhi. Alieleza taratibu. Hii ni shule ya wavulana, imekuwa hivyo tangu ijengwe. Hana bweni la wasichana.

"Kuko muhuri ya Serikali," Papa akasema.

"Hata choo cha wasichana hatuna, Papa."

"Atazoea."

Nilitamani ardhi ipasuke immeze Papa, na mimi nibaki nje na godoro langu. Nyuma ya geti wavulana walishaanza kukusanyika, wakicheka. Ndipo Mzee akavua kofia na kuzungumza kwa Kinyarwanda chake cha zamani.

"Padri, mnanirudisha tena?"

"Tena, Mzee? Kwani uliwahi kusoma hapa?"

"Nilikuja na baba yangu. Tulibeba kibuyu cha pombe ya ndizi kuwasalimia wakubwa. Pombe waliipokea. Mimi wakasema nafasi ni za watoto wa machifu. Tulisimama hapa hapa, nje ya hiki chuma."

Papa alimgeukia baba yake. Maisha yake yote alikuwa mtoto wa mtu aliyesoma pale. Ndicho alichokuwa nacho huko Bukavu walipomwita mkimbizi, ndicho alichowatupia watu waliomdharau, na sasa kilikuwa kinamwagika mbele ya wavulana wanaocheka. Aliinama akaanza kulifunga godoro upya, ingawa lilikuwa limefungwa vizuri.

Nikifika hapa katika kusimulia, watu huniuliza kama nilimhurumia Mzee. Hapana. Huruma ilikuja baadaye, ilichelewa kama wageni wa Bukavu. Siku ile nilikuwa na hasira na mwongo yule mwenye koti la sufu na wote waliomwamini kwa sababu ana mvi. Nililia kwa sauti mpaka msituni, na nilichokililia ni nafasi yangu.

Tuliporudi, shule nyingine zilikuwa zimejaa. Direkta hakusema "niliwaambia". Alikuwa mtu mwenye adabu, alisema kwa uso tu. Papa aliwaeleza majirani kwamba ameniondoa mwenyewe. "Ile masomo imeanguka kabisa," alisema. "Haina tena disiplini." Mimi nikarudi darasa la sita, magoti yakigonga dawati, nikifundishwa yale niliyokwisha kuyafaulu, na siku za soko nikabeba unga.

Mwaka uliofuata fomu zilipokuja, Mama hakuvuka daraja siku ile. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda kwa direkta. "Unataka wapi?" Mama akaniuliza mbele yake. Nikataja shule ya masista. Direkta akaandika, akatia muhuri, akaifungia fomu kabatini. Jioni hiyo hiyo Mama alinunua bia, akachoma mbuzi, na wanaume wakaitana kama kawaida. Walijadili vikali. Jirani aliunga mkono kila kitu. Mama alipita na pilipili akisema, "Njo vile, Papa. Muzuri kabisa, Papa."

Mzee peke yake hakupendekeza shule. Alipoulizwa alisema, "Mumuulize mutoto." Hakuna aliyeniuliza, lakini yeye alinitazama, na nadhani alijua kwamba fomu ilishajazwa.

Nafasi niliipata. Siku ya kwanza Papa alisema ghala lina kazi nyingi, na Mama alikuwa amebeba godoro, kwa hiyo Mzee ndiye aliyenishika mkono. Sista aliyefungua geti alituambia wazazi wanaishia hapo. Mzee alimsalimia kwa heshima, akampita, akaingia ndani mbele yangu. Masista walimfuata wakimbembeleza, na hawakuweza kumtoa mpaka alipokwisha kukaa kwenye dawati la kila darasa.